Karatasi ya Pili

Jumapili, 9 Machi 1958. Nakuru.

Daftari hili nimelitoa ofisini. Lilikuwa la zamu, likapigwa mistari vibaya, karani mkuu akataka litupwe, nikamwomba. Kwa hiyo kila ukurasa una nafasi ya jina, nambari na chumba, na mimi napita juu yake na mambo yangu.

Jana nimechaguliwa Katibu wa Chama cha Umoja. Vyama vya nchi nzima bado serikali imevipiga marufuku, lakini chama cha wilaya inakikubali, basi tumeanzisha chetu. Mwenyekiti ni Naftaly Lumadede, fundi cherehani wa Bondeni, mtu wa Maragoli. Anashona suti ambazo hata Wahindi wanazisifu, na yeye mwenyewe ana koti moja tangu vita vya Hitler viishe. Alinishika mkono mbele ya watu akasema, "Karani, sasa nimepata mtu wa kuandika. Mimi kazi yangu ni kukata tu." Wakacheka, wakapiga makofi.

Nilifurahi, sitajidanganya hapa. Miaka kumi na moja naandika majina ya watu wa treni: nani aende Kisumu, nani aende Nairobi, analala landhi gani ya nyumba za reli, chumba gani, ili mzee anayezunguka kuwaamsha asipotee. Hakuna aliyewahi kunipigia makofi kwa hiyo kazi.

Vumbi la ziwa limeingia kila mahali. Mke wangu Achola anasema hata uji una ladha ya magadi.

Jumatano, 12 Machi.

Wangui alikuja na kiondo chake nimwandikie mama yake huko Kiambu. Mumewe, Mburu, ni seremala na mwanachama wetu. Wangui hajui kusoma, lakini husimama nyuma ya kiti changu kama mkaguzi. Nilipoandika anwani akanigusa bega. "Baba Adero, hiyo saba leo mbona haina mshipi?" Kweli nilikuwa nimesahau. Saba yangu huwa naikata katikati kwa mstari, nilijifunza kwa karani mmoja wa Kigoa. Nikaifunga mshipi, akaridhika.

Nilipotaka kutia sahihi akanikataza. "Salamu zako wewe je? Mama huuliza, yule mtu wa salamu za mwisho hajambo?" Basi nikaandika kama kawaida: Nami mwandishi wa barua hii, Elisha Ogola, nakusalimu sana ingawa hatujaonana.

Alicheka pia ile karatasi nyeusi ninayoweka chini ili ibaki nakala. Ni mazoea ya ofisi. Siwezi kuandika kitu kisicho na nakala.

Jumamosi, 15 Machi.

Fomu ya kuandikisha Chama imefika. Juzi niliwasomea wanachama majina ya viongozi saba, wakanyoosha mikono wote. Leo nimeijaza. Kuna mahali panauliza: Wanachama ni wangapi? Nikaandika 49.

Nikaitazama hiyo 49 imekaa peke yake, ikanikera. Kwetu ofisini ukipeleka idadi bila majina unarudishiwa karatasi usoni. Hao arobaini na tisa ni akina nani? Wanalala wapi? Basi nikachukua karatasi ya pili nikawaandika wote kutoka kwenye kadi zao: jina, kazi, nyumba, chumba. Mkono uliniuma, lakini hakuna hata mahali pamoja nilipofuta. Nikaziweka zote mbili ndani ya bahasha nikaifunga kwa gundi.

Jumatatu, 17 Machi.

Mwenyekiti alipita kuchukua bahasha. Miwani yake imevunjika mkono mmoja, ameufunga kwa uzi wa kushonea. "Kila kitu kiko sawa, Karani?" Nikamwambia sawa kabisa. Akaitia mfuko wa ndani wa koti, akapanda baiskeli kwenda ofisi ya DC, mkuu wa wilaya.

Jumamosi, 22 Machi.

Vumbi. Mtoto wetu Adero ana kikohozi.

Jumanne, 25 Machi.

Mvua! Imeanza saa tisa na mabati ya ofisi yakalia hata hatukusikizana. Watu wazima wametoka nje kunyeshewa kwa hiari yao. Karani mkuu mwenyewe alinyoosha mkono dirishani.

Alhamisi, 27 Machi.

Nimeshindwa kula.

Leo alfajiri askari wameingia Bondeni na landhi za reli. Wamechukua wanachama wetu watano, Wakikuyu wote watano, kwa sababu ya pasi za kukaa mjini. Mburu ni mmoja wao. Pasi yake ilikwisha mwaka jana, wakakataa kumpa nyingine, akakaa tu. Sisi sote tulijua, na hakuna aliyesema. Alikuwa anatengeneza mabenchi ya kanisa nyuma ya nyumba, na mtu mgeni akitokea anaingia ndani.

Msako tumeuzoea. Askari hupiga kila mlango, hutupa vitu nje, hufukuza watu hadi uwanjani. Leo haikuwa hivyo. Walikwenda kwenye milango mitano tu, katika nyumba tano mbalimbali, na hawakukosea hata mmoja. Mambo haya nilisimuliwa kazini saa mbili, na yule aliyenisimulia akasema, "Ni kama walikuwa na daftari la zamu mkononi."

Nilikwenda chooni nikasimama humo kwa muda.

Jioni Achola alikwenda kumtazama Wangui. Amerudi akasema Wangui halii, amekaa kitandani na mtoto wao Njoki. Kasema askari mmoja alikuwa na karatasi. Nikamuuliza, karatasi gani? Achola akanitazama. "Mimi nitajuaje? Na yeye Mama Njoki hajui kusoma."

Ijumaa, 28 Machi.

Nimeichoma nakala ya ile karatasi ya pili. Nilingoja Achola aende mferejini nikaitia jikoni. Karatasi ile ya nakala ni nyepesi, iliwaka mara moja.

Saa kumi na moja Mwenyekiti akaja. Hakukaa. Kofia yake ilikuwa inadondosha maji.

"Karani, ndani ya ile bahasha ulitia karatasi ngapi?"

"Moja," nikasema. "Ile ya viongozi saba."

Alinitazama. Miwani yake ile ya uzi ilikuwa imepata ukungu, akaivua, akaipangusa kwa tai, akaivaa tena. "Moja," akasema.

"Moja, Mwenyekiti."

"Basi." Akaondoka.

Nilikuwa nimekusudia kumwambia. Naapa nilikuwa nimekusudia. Neno lilitoka lenyewe, na baada ya hapo lingine halikuweza kutoka.

Jumapili, 6 Aprili. Pasaka.

Watatu wameachiliwa. Mburu na mwenzake wamepelekwa kambini, hakuna anayejua ipi. Kanisani mabenchi mapya ni sita. La saba halina mguu mmoja, limeegemezwa ukutani.

Jumatano, 9 Aprili.

Mvua.

Jumapili, 13 Aprili.

Mkutano wa wanachama, kibali cha saa mbili tu. Odero alisimama kabla hata ya maombi.

Huyu Odero ni mtu wa kwetu, wa Alego, anashika moto kwenye injini za mizigo. Ana sauti ya kuzoea kushindana na injini. Sijawahi kumpenda. Nilimwona ni mtu wa kutafuta cheo, na labda bado ni hivyo.

"Majina ya watu yalifika kwa DC," akasema. "Nani alienda kwa DC? Mtu mmoja tu. Alienda peke yake, hakuchukua hata shahidi. Aliingia ofisini akakaa nusu saa, kuna watu walimwona. Mimi sitaki kuongea mengi. Mimi nataka sisi wote tuulizwe, huyu Mwenyekiti tunamwamini ama hatumwamini?"

Wengine wakapiga makofi na wengine wakazomea. Naftaly alikuwa ameshika ukingo wa meza. Akasema ni haki yao, kura ipigwe, na akataja tarehe yeye mwenyewe: Jumapili tarehe 11 Mei, ili hata wanachama wa Molo wapate nafasi ya kuja. Akaniambia, "Andika, Karani." Nikaandika. Ukurasa ule wa kumbukumbu nimeuangalia sasa hivi, mwandiko ni mzuri kama siku zote.

Baada ya mkutano Odero alinifuata. "Omera, wewe ni ndugu yangu. Huyu mzee ametuuza. Utakuwa na sisi?" Nikamwambia Katibu hana upande. Akanipiga mgongoni akasema hiyo ni jibu ya karani.

Alhamisi, 17 Aprili.

Watu hawapeleki tena nguo kwa Naftaly. Nilipita pale leo. Cherehani imefunikwa, na yeye amekaa kwenye kibaraza anasoma Biblia, ama ameishika tu. Hakuniita. Nikapungia mkono, akapungia mkono.

Jumatatu, 21 Aprili.

Mvua. Barabara ya Bondeni ni mto.

Ijumaa, 25 Aprili.

Achola ananiuliza kwa nini nimekonda. Nimemwambia ni mvua. "Mvua inanenepesha watu wengine," akasema, na akaniongezea mboga. Mwanamke huyu nimeishi naye miaka tisa na bado najidai naweza kumficha kitu.

Jumatano, 30 Aprili.

Nimezunguka kimyakimya nikajua nani atapiga vipi. Naftaly atashindwa kwa kura mbili au tatu. Akishindwa ataondoka Nakuru, amekwisha kumwambia mchungaji hivyo. Atarudi Maragoli na jina la mtu aliyewauza wenzake, na jina hilo watoto wake wataliona kaburini mwake. Na mimi nitabaki hapa, Katibu, na watu wataniamkia.

Kuna njia moja ya kumwokoa, na najua ni ipi, na kila nikiikaribia narudi nyuma. Nafikiri juu ya kazi yangu. Nafikiri juu ya Wangui kusimama nyuma ya kiti changu.

Ijumaa, 2 Mei.

Kuna njia ya pili.

Odero na rafiki zake wawili zamu yao ya Kisumu ni Jumatatu tarehe 12. Nimeihamisha. Watatoka Jumamosi tarehe 10 mchana na treni ya mizigo, warudi Jumatatu. Nimeandika sababu: mgonjwa mmoja, likizo moja. Kila kitu kina sababu kwenye daftari. Kura tatu.

Niliandika bila kufuta hata herufi moja. Hapo ndipo nilipojishangaa.

Jumamosi, 10 Mei.

Odero alikuja dirishani kwangu na chakula chake ndani ya kikopo. "Omera, unanipeleka Kisumu leo?" Nikamwonyesha daftari. Alilisoma kwa makini, kidole kikifuata mstari, akaniangalia, akaenda. Treni iliondoka saa nane na nusu kwenye mvua kubwa. Nilisikia firimbi hadi ikapotelea Njoro.

Usingizi utakuja leo, nafikiri.

Jumapili, 11 Mei.

Nitaandika yote kwa mpangilio, maana nikiyaacha yatajipanga yenyewe vizuri kuliko yalivyokuwa.

Mkutano ulikuwa ukumbi wa lokesheni, mtaa wetu Waafrika, saa nane. Kwa kuwa nusu ya wanachama hawasomi, tulikubaliana kura iwe ya punje. Kila mtu anapewa punje moja ya mahindi na punje moja ya maharagwe. Anakwenda nyuma ya ubao wa darasani, anatia moja ndani ya mkebe wa kura na nyingine ndani ya gunia la taka. Mahindi maana yake Mwenyekiti abaki. Maharagwe maana yake aondoke.

Watu wa Molo hawakuwapo. Hao ni wanne, vibarua wa mashamba ya viazi, na wanampenda Naftaly kwa sababu aliwahi kuwaandikia malalamiko kwa bwana shamba wao. Tuliambiwa lori lao limezama matopeni. Nikahesabu upya kichwani: tatu nimeondoa, nne zimepotea. Hata bila watatu wa Odero tutashindwa, labda. Nikaanza kuita majina.

Mlango ukafunguliwa. Odero aliingia, mweusi kwa moshi, koti linachuruzika maji, na nyuma yake wale wawili. Na nyuma yao, nilidhani macho yananidanganya, vibarua wanne wa Molo wamejifunika magunia.

"Reli imebebwa na maji huko mbele ya Londiani," Odero akasema. "Tumerudishwa kutoka Molo. Hawa nimewakuta stesheni wanalilia lori lao, nimewaingiza kwa behewa la gadi. Mkinishtaki, nishtakini. Najua hawa watamchagua huyu mzee. Nimewaleta kwa sababu kura ni kura." Kisha akageuka. "Sasa mniambie. Mimi zamu yangu ilikuwa kesho. Nani alinitoa Nakuru jana?"

Ukumbi ulichafuka. "Mwenyekiti!" walipiga kelele. "Ni yeye! Sasa anatumia mpaka reli!" Mtu mmoja alirusha kofia. Naftaly alisimama na mikono imeshuka, na nikaona kweli hajui wanasema nini. Alionekana mzee sana.

Nikasimama. "Ni mimi. Mwenyekiti hajui chochote. Nilihamisha zamu mwenyewe, ili Odero asipige kura. Nimekosa."

Halafu mzee mmoja wa nyuma akasema, "Angalau huyu ni mwanamume. Amesema." Na wengine wakaitikia, ndiyo, amesema, amesema. Odero mwenyewe alikuja akanishika mkono na masizi yake. "Ulinifanyia vibaya, omera. Lakini umesema ukweli mbele ya watu. Hiyo nimekubali."

Niliona joto kifuani, kama mtu aliyesamehewa. Kisha nikamtazama Naftaly. Hakuwa anatabasamu. Alikuwa ameinamisha kichwa kidogo upande wangu, kama mtu anayesikiliza. Alikuwa ananingoja niendelee.

Sikuendelea. Nilikaa.

Odero akauliza kuhusu bahasha. Naftaly akasema, "Bahasha niliibeba mimi. Sikuifungua. Mtu akikubali kubeba kitu cha watu bila kukitazama, kosa ni lake. Sina lingine."

"Nani aliifunga?"

"Niliyeibeba ni mimi."

"Karani," Odero akasema, na sasa alikuwa ananiamini, hilo ndilo baya kuliko yote, "wewe umeonyesha ni mtu wa kweli. Ndani mlikuwa na nini?"

"Majina ya viongozi saba," nikasema. "Yale mliyosikia nikisoma."

Watu waliitikia kwa vichwa. Waliniamini wote, kwa ajili ya ule ukweli mdogo niliokwisha kuwapa.

Kabla ya kura Odero akaleta jambo moja tena. Mburu yuko kambini kwa sababu ya haya, kura yake isipotee, mkewe aipige. Alikuwa amemwita Wangui, naye alikuwa amekaa mlangoni. Watu wakakubali. Sote tulijua Wangui ataweka nini. Alipita mbele yangu kuchukua punje, kiondo begani. Nilimpa mahindi na maharagwe mkononi mwake. Hakuniamkia.

Kura zilihesabiwa juu ya meza, mbele ya kila mtu, na mchungaji. Mahindi yalikuwa ishirini na mbili. Maharagwe yalikuwa ishirini na moja.

Hakuna aliyeshangilia. Odero alizitazama punje, kisha akasema, "Sawa, Mwenyekiti," akavaa kofia yake. Watu walitoka wawili wawili kwenye mvua. Nilibaki na Naftaly tukirudisha punje kwenye mifuko.

"Nimebaki," akasema, "na nusu ya watu wanasema mimi ni msaliti. Nguo hii imechanika, Karani, na mimi sijaambiwa imechanikia wapi." Akanipa mkono, akaenda zake.

Jumatatu, 12 Mei.

Reli bado imefungwa. Nimekaa na daftari la zamu, hakuna wa kumpanga.

Alhamisi, 15 Mei.

Naftaly ameifunua cherehani. Nimeona anashona kitu kidogo cha bluu.

Jumapili, 18 Mei.

Odero amepanda juu ya nyumba ya Wangui kupiga bati linalovuja. Nilimwona nikitoka kanisani. Mtu huyu nilimpeleka Kisumu.

Jumanne, 20 Mei.

Mvua imepungua. Jioni kulikuwa na jua.

Jumamosi, 24 Mei.

Wangui amekuja leo saa kumi. Achola alimpa chai, kisha akamchukua Adero akatoka, bila kuambiwa. Nadhani walikuwa wamekubaliana.

Alitoa kadi kwenye kiondo. Mburu ameruhusiwa barua moja, na hii ndiyo anwani ya kambi. "Nataka umwandikie," akasema. "Na uweke ile karatasi nyeusi. Nataka mbili."

Nikaweka. Akasimama nyuma ya kiti changu.

"Andika. Baba Njoki, sisi wazima. Njoki ameota jino la mbele. Mzee Naftaly amemshonea nguo ya shule ya bluu, hakuuliza kitu. Odero amepiga bati upande wa kitanda. Mabenchi ya kanisa yamebaki kama ulivyoyaacha, hakuna mtu ameyagusa."

Niliandika. Anasema polepole, anangoja kalamu.

"Andika. Walipiga kura juu ya Mzee Naftaly. Wakanipa punje zako. Odero alifikiri mimi nitaweka maharagwe. Mimi niliweka mahindi."

Kalamu ilisimama.

"Andika, Baba Adero."

Nikaandika.

"Niliweka mahindi kwa sababu Mzee Naftaly hakutuuza. Hiyo asubuhi askari alinishikisha karatasi, akaniuliza chumba ni hiki? Mimi sijui kusoma. Lakini nambari ya chumba chetu ni saba, na hiyo saba ilikuwa na mshipi."

Sikugeuka. Nilisikia pumzi yake juu ya kichwa changu na maji yakidondoka kutoka bati la nje ndani ya debe. Machozi yangu yalianguka juu ya neno mshipi, wino ukatawanyika kidogo. Ni mara ya kwanza barua yangu kuwa na doa.

"Endelea. Sikusema. Nilingoja huyo mwandishi aseme mwenyewe. Nilingoja siku ya mkutano, akasimama, nikafikiri sasa anasema. Akakaa. Nikangoja Jumapili nyingine. Sasa nakwambia wewe. Mimi mke wako, Wangui."

"Mama Njoki," nikasema, "sikutaka. Nilidhani wanataka majina. Kwetu ofisini..."

"Najua hukutaka," akasema. Hakuwa na hasira, na ningependa angekuwa nayo. "Mburu pia atajua hukutaka. Sasa weka salamu zako. Mburu pia huziulizia."

Nikaivuta karatasi karibu. Kisha nikaandika, naye akanifuata kwa macho herufi moja moja asizozijua:

Nami mwandishi wa barua hii, Elisha Ogola, ndimi niliyeandika na ile karatasi ya majina. Mwenyekiti hakuijua. Aliponiuliza nilimdanganya, na watu waliponiuliza niliwadanganya. Nakusalimu, na sistahili kuitikiwa.

Akataka nimsomee yote tangu mwanzo. Nikasoma. Aliikunja barua ya juu akaitia kiondoni. Ile nakala akaisukuma kwangu juu ya meza.

"Hii nimeandikia Chama," akasema. "Kesho kuna mkutano, si ndiyo? Barua za Chama nani husoma?"

"Katibu," nikasema.

"Basi," akasema, akafunga leso yake kichwani, akatoka.

Nakala iko hapa chini ya daftari. Mkutano ni saa nane. Nimeisoma kwa sauti mara mbili ndani ya chumba, peke yangu, na mara zote mbili nimefika mwisho.